Matonge ya Wali ya Mama

Leo nimefungua pakiti ya mwani mkavu, ule wa kufungia wali wa Kijapani. Unanuka kama dagaa, na hasira yote ya zamani imenipanda upya.

Nilipokuwa shule ughaibuni, mwalimu wangu alinikuta kafeteria nikila wali kwa mkono. Akanishika kiganja mbele ya wenzangu, akakifuta kama kimegusa uchafu, akaniambia nyumbani wanifundishe kutumia uma. Mama, aliyekulia kambi ya wakimbizi na kuzoea kumwogopa kila afisa mwenye karatasi, alinunua uma sita. Tukala ugali kwa uma. Ugali, jamani!

Halafu, theluji ya mji wetu wa Buffalo hata haijayeyuka, mwalimu yuleyule akatuagiza tutengeneze nyumbani matonge ya wali ya Kijapani, tuyalete darasani. Unalowesha mikono, unapaka chumvi, unafinyanga, unafungia mwani.

"Kwa mkono?" mama aliuliza.

"Kwa mkono."

"Mwalimu yuleyule?"

 Mama, ambaye wali bokoboko kwake ni aibu, aliupika bokoboko makusudi ili ushikane. Akachovya vidole kwenye maji, akamega tonge, akalizungusha kiganjani kama la ugali. Yangu yalimeguka yote. Yake yalitoka laini, yanalingana, nami nikapeleka yake.

Mwalimu aliinua tonge moja darasa zima lilione. Akaniuliza nani amenifundisha kufinyanga vizuri hivyo.

Nikamjibu, "Ni wewe, mwalimu, siku ile uliponifuta kiganja."