Tarishi na Kiti Chake

Mzee tuliyemwita Tarishi aliingia kwenye makao yetu ya wazee kwa miguu yake, mkoba begani. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa amepeleka barua na mafaili ofisi hadi ofisi. Miezi mitano baadaye, kutoka kitandani hadi dirishani ilikuwa safari.

Nani alimfikisha hapo? Mimi, mhudumu wake. Nasema mwenyewe, maana wenzangu watajifanya hawajui. Natakiwa kuwafikisha wazee ishirini na mmoja mezani kabla chai haijapoa. Tarishi akitembea alichukua dakika kumi. Nikimsukuma kwenye kiti cha magurudumu, moja. Bintiye naye akamletea kiti kipya, kina breki na mfuko wa nyuma.

"Baba, umetembea vya kutosha. Sasa pumzika."

Mzee akapumzika mpaka mapaja yakawa membamba kama mikono yangu, na mikono yangu si ya kusifiwa.

Ndipo muuguzi mkuu akamwambia: ikifika mwisho wa mwezi hawezi kwenda msalani mwenyewe, anahamia jengo la nyuma, la wanaolala kutwa. Tarishi aliliogopa jengo lile kuliko kaburi. Alisema kaburini angalau huvalishwi nepi.

Kesho yake nikaona kiti kinakuja koridoni bila mtu. Nyuma yake alikuwa Tarishi, kafunga tai, kang'ang'ania vishikio. Juu ya kiti kulikuwa na magazeti, miwani, meno ya bandia katika vikombe viwili, na daftari la kutia sahihi.

"Mzee, kaa utaanguka!"

"Mwanangu, hii ni mizigo ya watu. Niikalie?"

Kila aliyepokea kitu alitia sahihi. Meno ya mwalimu mkuu mstaafu yalifika kimakosa kwa mzee mwenzake, fundi saa, akatia sahihi, akala nayo mkate na kuyasifu sana. Mwalimu mkuu aligoma kufungua mdomo hadi mchana, tukapata utulivu tuliouombea mwaka mzima. Mimi nikaacha kumsukuma Tarishi. Chai yake ikapoa, nikagombezwa, nikasema potelea mbali.

Siku ya mwisho ya mwezi bintiye akatokea bila taarifa, akamkuta baba anasukuma kiti, anatokwa jasho. Akanigeukia.

"Mnamfanyisha baba yangu kazi? Na kiti nilichomletea mimi?"

Tarishi akaondoa magazeti kitini.

"Kaa."

"Baba, jamani..."

"Umesimama kazini tangu asubuhi. Kaa."

Akakaa, mwanamke mzima, mkoba mapajani. Mzee akaachia breki akaanza kusukuma, hatua ishirini na tatu, akipumzika mara mbili. Muuguzi mkuu alikuwa amesimama mbele ya msala, mikono kifuani. Nilitaka kukimbia nikamshike mzee; nikajizuia kwa nguvu zote.

"Nisubiri hapa," akamwambia bintiye. "Na asinifuate mtu."

Akashika ukuta, akaingia, akafunga mlango. Tukasubiri sana. Kisha tukasikia maji yakimwagika chooni, na binti akalia pale kitini bila aibu. Mimi pia nililia.

Tarishi akatoka, tai imekaa upande. Akachukua daftari lake, akamnyooshea muuguzi mkuu.

"Mzigo umefika. Tia sahihi hapa."

Muuguzi mkuu akatafuta kalamu.