Shingo Niliyoinyoosha kwa Siri

Mwanangu, iko siku moja ambayo haijaniacha, ingawa nimeifukuza sana. Nilikuwa fundi cherehani hapa Lubumbashi, katika komini, yaani mtaa, unaoitwa Kenya, na mwezi wa tatu ulikuwa unakaribia. Nani asiyeijua kazi ya mwezi wa tatu? Wanawake wa mji mzima wanataka pagne zao, vile vitenge vya siku ya wanawake, zishonwe, zote kwa mara moja! Tuliinama juu ya mashine tangu asubuhi, shingo zinawaka moto.

Kando yangu aliketi Kalala, kijana niliyemfundisha kushika mkasi. Aliniita yaya, kama mtu anavyomwita ndugu yake mkubwa, na kila nilichofanya naye alifanya.

Basi wakaja wanafunzi wa chuo kikuu, wale wanaosomea kutibu viungo vya watu kwa mazoezi. Walikuwa wanafanya utafiti juu ya shingo za mafundi. "Yaya, shingo inakuuma?" binti mmoja akaniuliza. Inauma! Wiki nzima nilikuwa nalala nimekaa. Lakini patron, mwenye karakana, alikuwa amesimama mlangoni, na fundi mgonjwa hapewi pagne za kushona. Nikacheka. "Miye? Niko muzima kabisa."

"Na miye vilevile," Kalala akadakia.

Waliokiri maumivu walifundishwa: kugeuza shingo polepole, kulegeza mabega, kuinuka na kutembea kidogo kila nguo inapoisha. Mimi nikayaiba mazoezi hayo kwa pembe ya jicho, nikaenda kuyafanya nyumbani, mlango umefungwa. Baada ya majuma machache nikapona. Kalala sikumwambia. Nilipenda jinsi alivyonitazama kama mtu asiyeumwa, mwanangu. Ukweli ndio huo, na ni mchungu.

Naye alikuwa anaumwa shingo na kuficha kama mimi; kwake maumivu yakashuka hadi mkononi, vidole vikafa ganzi, sindano ikawa inamponyoka. Patron akampa mtu mwingine mashine yake. Siku aliporudi kwao Lukafu kulima, alinishika mkono. "Yaya, weye Mungu alikupa nguvu. Miye niko muvivu tu." Ningeweza kumwambia ukweli kwa neno moja hapo. Nikamtakia safari njema.

Mwaka jana malaria ikamchukua. Nilikwenda kilioni, mama yake akanipa kiti cha mbele. "Ni weye yaya wake? Alikuwa anatuambia kila siku, yaya alivumilia, yeye uvivu ulimushinda." Nilikaa pale katikati ya watu wengi na sikuwa na mtu. Hata sasa, nikibaki peke yangu nyumbani, namweleza Kalala yote.

Wazee husema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kimeniumbua kifo cha mwingine. Kwa hiyo, mwanangu, ukiumwa sema, na useme pale ambapo anayekufuata anasikia. Ukipata dawa, hata kama ni kugeuza shingo tu, mwonyeshe jirani yako siku hiyohiyo, ajue kwamba nawe uliumia. Mungu akulinde mgongo na mikono, na akujalie kumwambia rafiki yako ukweli akiwa bado hai.