Samadi ya Ng'ombe wa Shemeji

Kiboko cha kwanza kilitua kwenye kikapu nilichobeba. Cha pili kilinipata shingoni, samadi ikamwagika mlangoni mwa nyumba yangu. Tulikaa kwenye mteremko wa Meru, juu ya mto Nduruma, miaka ile Wajerumani, Wadachi tulivyowaita, walipokuwa wakipanda kahawa kule chini.

Aliyenipiga alikuwa nyapara wa shamba la mzungu, mtu wa kutoka mbali aliyetuamrisha kwa Kiswahili, lugha ambayo wengi wetu hatukuwa tumeizoea. Nyuma yake walisimama vibarua wenye magunia, na pembeni yao shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Yeye ndiye aliyewaleta. Mume wangu alikuwa ameenda kusafisha mfereji.

"Ng'ombe ni wangu," alisema shemeji. "Kinachotoka kwake ni changu. Ondoka mlangoni, mke wa mdogo wangu."

Kwetu mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwake. Aliwagawa kwa ndugu na majirani, nao wakawafuga ndani ya nyumba zao. Ng'ombe na ndama walibaki kuwa wake. Maziwa na samadi vilikuwa vya mfugaji. Hilo halikuwa na mjadala. Mimi nilimkatia ng'ombe wa shemeji aliyekuwa nyumbani mwangu majani na vigogo vya migomba, na mavi yake nikayarudisha kwenye mashina ya migomba ileile. Baadaye sana mtaalamu wa kilimo alituambia kwamba samadi ina fosfati, chakula cha mizizi, ambacho mmea hukitoa ardhini na mnyama hukirudisha. Jina hilo sikulijua. Nilichojua ni kwamba upande wa shamba usiopata samadi ulitoa ndizi kama vidole. Samadi ikienda kwenye kahawa, na kahawa ikaenda Ulaya, hakuna kinachorudi. Na watoto wangu walikula ndizi.

Shemeji alikuwa ameahidi samadi ya ng'ombe wake wote ili yeye asikamatwe kwenda kulima kwa mzungu.

"Basi ingia, shemeji," nikamwambia, "uichote kwa hiyo mikono yako laini."

Vibarua wakacheka. Nyapara, asiyejua lugha yetu, akadhani anachekwa yeye, akainua kiboko tena. Nikanyakua jembe langu, nikampiga kwa mpini. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukivunjika, na sitasema kwamba nilihuzunika.

Walinikanyaga mpaka nikatema jino. Lakini waliondoka na magunia matupu, maana ilibidi wambebe nyapara.

Kesho yake walikuja askari. Kwao, kosa la mke alilijibu mume. Walimfunga kamba wakampeleka Boma, Arusha mjini. Alirudi akiwa ameshikwa kwapani na watu wawili, mgongo umechanika, nyuzi za shuka zimegandia ndani ya nyama. Nilizitoa mmoja mmoja huku yeye akiuma kipande cha mti. Alipokuwa bado anatokwa damu, shemeji alifika na kumchukua ng'ombe wake. Sikumzuia. Ilikuwa haki yake.

Habari zilienea kwamba shemeji anagawa samadi ya watu. Asubuhi moja wafugaji wake wote wakamrudishia ng'ombe, wakiwa wameongozana njiani kama wanaokwenda harusini. Nyumba yake ilikuwa na nafasi ya ng'ombe wachache tu, na malisho ya bondeni mzungu alikuwa ameyachukua. Ng'ombe wakaingia kwenye migomba yake. Nilisimama mpakani nikatazama. Aliwapiga kwa rungu. Mmoja alimvunja pembe, damu ikamrukia usoni. Fahali akamsukuma ukutani, akaanguka.

"Wapige wote!" mkewe alimpigia kelele. "Halafu utulishe hayo mavi uliyowaahidi!"

Na sasa hakuwa na samadi ya kupeleka, kwa sababu samadi yote iliyokwisha kukusanywa ilibaki kwa wafugaji, na ya ng'ombe waliozagaa haikutosha hata gunia moja. Nyapara, mkono ukiwa umefungwa kitambaa, alikuja na askari. Wakamlaza shemeji katikati ya uwanja wake na kumchapa mbele ya mkewe.

Siku chache baadaye nilimwona akipanda kwetu taratibu, mdomo umevimba, anamvuta ng'ombe yule.

"Mpokee," alisema.

"Samadi itakuwa ya nani?"

"Shemeji, usiniaibishe."

"Mdogo wako amelala kifudifudi ndani, hawezi kutoka. Sema asikie."

Akatazama huku na huku. "Samadi ni yenu."

"Sijasikia," mume wangu akaitikia kutoka ndani. "Mgongo huu unapiga kelele sana."

Shemeji akarudia kwa sauti kubwa, hata majirani ng'ambo ya mfereji wakasikia. Nikapokea kamba, nikamfunga ng'ombe mahali pake, nikachukua panga kwenda kumkatia migomba.