Marehemu wa Ghorofa ya Nne

Juzi nilikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, hapa Kariakoo, kufuata barua ya utambulisho. Mbele yangu alisimama baba mmoja, kofia ameivua na kuikunja mkononi. Alikuwa anaomba kibali cha kufunga njia ili wafunge turubai la msiba.

“Pole sana, baba. Jina la marehemu?” karani aliuliza, kalamu tayari.

Yule baba alitazama dari. “Andika Mama wa Ghorofa ya Nne.”

“Hilo ndilo jina lake?”

“Ndivyo tunavyomwita, dada yangu. Tumekaa naye jengo moja miaka saba. Wanawe wako hospitali, mimi nimetumwa tu.”

Karani aliweka kalamu chini. Hakucheka mtu. Baba akatoka nje kupiga simu, akikwepa macho yetu.

Nilimhukumu, sifichi. Mimi nimekulia nyumba ya vyumba sita na ua mmoja, ambako mama alijua kwa harufu tu ni nani kaunguza maharage. Msiba ukitokea, watu walijaa mpaka njia ikajifunga yenyewe. Kibali cha nini?

Nyumba ile ilivunjwa. Pamesimama jengo la ghorofa tisa, na mimi naishi humo humo, ghorofa ya sita.

Jioni ile nikagonga mlango unaotazamana na wangu, kwa mara ya kwanza tangu nihamie. Mama mmoja alifungua kidogo, akachungulia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Kwani na kwako umeme umekatika?”