Sweta Kwenye Matundu ya Hewa

Miaka ile mitumba ilipojaa Mwanza kila kona, mama mkwe alipata kitu cha kuzibia matundu ya hewa. Alitoka kijijini kuja kunihudumia uzazi wangu wa kwanza, kwenye chumba chetu cha kupanga kule Kirumba, nyuma kimeegemea jiwe kubwa, mbele dirisha moja tu. Chini ya dirisha jirani yetu alikaanga mapanki, mifupa ya sangara inayobaki viwandani minofu ikienda Ulaya. Harufu yake, weee!

Basi akafunga dirisha. Akapanda kwenye stuli, akasokomeza sweta kuukuu kwenye kila tundu la juu. Akaleta jiko la mkaa karibu na kitanda.

"Mzazi hapigwi upepo," akasema. "Wangu wa kwanza alichukuliwa na baridi. Huyu hachukuliwi ng'o!"

Nikamwambia hewa ni nzito. Akacheka: mkaa umeshika vizuri, moshi uko wapi? Kweli, moshi haukuwepo. Nikamwacha, maana mkwe ni mkwe.

Asubuhi moja ya mvua kichwa kikaanza kunigonga, nikatapika. Nikampa mtoto titi, hakunyonya. Nikamfinya mguu, hakulia. Alikuwa amelegea kama kitambaa kilicholowa. Hofu ikanipanda, halafu hasira ikaipita hofu.

Nikajikokota naye kifuani, nikausukuma mlango kwa bega, nikaketi barazani kwenye manyunyu.

"Utaniulia mjukuu!" mama mkwe akapiga kelele.

"Mama, nakuheshimu, lakini leo sikusikilizi."

Nikampuliza mtoto usoni, nikamsugua mgongo, nikamwita na kumwita. Akapiga chafya, akalia. Nami nikalia.

Nikampa jirani wa mapanki amshike, nikarudi ndani na mchi. Nikafungua dirisha, nikatoa jiko nje, nikazisukuma zile sweta moja moja mpaka zikadondokea uani. Tundu moja likamomonyoka kona. Liache, nikasema, hewa ipite vizuri. "Na hapa hapazibwi tena, labda niwe nimekufa!"

Nilipotoka, mama mkwe alikuwa amesimama akilitazama lile jiko likinyeshewa. Ugomvi ulikuwa umemtoka wote.

"Yule wangu wa kwanza," akasema, "naye tulimwashia moto. Tukafunga kila mahali."

Nikamchukua mtoto kwa jirani, nikampakatisha bibi yake, tukakaa pale nje kwenye baridi.