Kipande cha Fundi Pindo

Mtaani walimwita Fundi Pindo, na jina hilo lilikuwa dongo, si sifa. Ukimpelekea kitambaa cha gauni refu, unarudi nyumbani na gauni linalochungulia magoti.

"Kimerudi majini, dada yangu," angekwambia bila kupepesa macho, nacho kipande chako kimelala ndani ya droo yake.

Mchana mmoja, cherehani yake ya miguu ikiwa haina kazi, aliingia bwana mmoja aliyevaa koti zito. Jua lilikuwa linachoma, naye hakuwa na hata tone la jasho.

"Fundi, nikikuletea wateja wasioisha, utanipa nini?"

"Roho yangu," fundi akatania.

"Hiyo ya nini? Imeshachakaa. Nipe kipande kidogo cha kila kitambaa unachokata."

Fundi alicheka akashika mbavu. "Bwana wee, mbona hiyo ndiyo kazi yangu ya siku zote! Chukua tu."

Wateja wakamiminika kama siafu. Cherehani za umeme zikajipanga dukani, nyumba ikaezekwa upya. Kisha mama muuza mkaa akazikwa kabla hajalichukua gauni lake. Akafuata bwana harusi wa mtaa wa pili. Suti yake ilibaki kwenye kiango.

"Siku zao zilifika," fundi aliwaambia watu. Lakini alikuwa ameshaelewa. Hata akiweka tonge mdomoni, alisikia mkasi ukikata mahali fulani nyuma yake. Na bado alikata.

Ndipo binti yake, mtoto pekee aliyeachiwa na marehemu mkewe, akamletea kitambaa cha harusi.

"Baba, hiki usikile, eh! Nakujua mimi."

Fundi alicheka kwa meno tu. Gauni hilo alilishona mwenyewe, taratibu, akihesabu kila uzi wa pindo lake. Alipomaliza, akatia mkono mfukoni kutafuta chaki, na vidole vikagusa kitu laini. Mazoea yana taabu: mkono ulikuwa umekata bila kumuuliza mwenyewe.

Yule bwana alikuwa ameshaketi kwenye benchi la wateja, kiganja wazi.

"Hiki hapana," fundi alisema, akikifumbata. "Huyu ni mwanangu."

"Sawa. Tuvunje makubaliano. Ubaki na ile cherehani yako ya miguu, mimi niondoke na zilizobaki. Na wale walioko nje pia."

Fundi alizitazama cherehani, jinsi zilivyong'aa. Akaitazama foleni mlangoni. Akajiambia anatazama tu.

"Baba!" binti aliita kutoka uani. "Tayari?"

Ngumi ya fundi ikalegea juu ya kiganja kile.

"Tayari, mwanangu," alijibu.

Gauni lile bado linaning'inia nyuma ya mlango wa duka, na hakuna anayethubutu kuuliza bei yake. Ukipita hapo utamkuta fundi ameinamia kazi, hainui kichwa. Foleni inafika barabarani.