Ladha ya Tope

Kabla ya kuwa mtu wa shule, Ozella Tarpley alikuwa mtu wa kambale. Alisimama miaka mingi kwenye kiwanda cha samaki nje ya mji wa Pruitt, katika tambarare za jimbo la Mississippi, Marekani, akichuna ngozi na kukata minofu mpaka vidole vikapinda na kukataa kunyooka. Vilipokataa kabisa kushika kisu, shule ya msingi ikamwita. Haikumwita afundishe. Ilimwita awe mjumbe wake kwa wazazi, kwa sababu aliijua kila nyumba, na hakuna nyumba iliyomfungia mlango.

Shule ile hupokea fedha za serikali kuu kule Washington, maana watoto wake wengi ni maskini, na fedha hizo zina sharti: wazazi waelezwe. Waelezwe fedha zinafanya nini, mtoto wa kila darasa anatakiwa ajue nini, na mtihani wa mwisho wa mwaka wa shule unapima kitu gani. Kabla ya Ozella, maelezo hayo yalikuja nyumbani kwa barua ambazo hata mwalimu mkuu alihitaji kuzisoma mara mbili. Watu wa Pruitt waliziona zinafaa sana kuwashia mkaa wa kuchomea nyama.

Ozella alianza kwa kuuhamisha mkutano. Shuleni hawakuja, kwa kuwa mzazi wa Pruitt akiitwa shuleni anajua mtoto kaharibu jambo. Akauleta kwenye ukumbi wa chakula wa kanisa la Kibaptisti, akakaanga kambale waliopakwa unga wa mahindi, akapika sukumawiki kwa mifupa ya nguruwe, na watu wakaja. Kwanza walikuja kwa ajili ya samaki. Baadaye wakaanza kubaki.

Mwaka ninaousimulia, mkutano wa Februari ulijaa. Bodi ya elimu ya kaunti ilikuwa imesema wazi: shule ya Pruitt ikipata tena daraja la chini kabisa kwenye mtihani huo, itafungwa, na watoto watapakiwa kwenye basi kwenda makao makuu ya kaunti, alfajiri kwenda na jioni kurudi. Posta ilikwisha kufungwa. Duka la vyakula lilikwisha kufungwa. Mji ulikuwa umebaki na makanisa, kiwanda na shule, na mji usio na shule watu wake vijana huuhama mmoja mmoja mpaka wabaki wa kuzikana tu.

Wa kwanza kusimama alikuwa Lonzell Beasley, dereva wa lori la kulishia samaki kwenye mabwawa, mtu asiyeweza kukaa kimya hata kwenye maombi.

"Dada Ozella, nina swali moja tu. Hizo hela za Washington zinakuja kwa ajili ya umaskini wa mwanangu, si ndiyo?"

"Zinakuja kwa ajili ya watoto wote wa hapa."

"Na wangu yumo?"

"Yumo."

"Basi nipe fungu lake niende zangu. Umaskini huu ni wetu, tumeuchuma wenyewe, hatukusaidiwa na mtu."

Ukumbi ukacheka. Ozella akamnyooshea mwiko wa kukaangia. "Keti, Lonzell. Fungu la mwanao limeshaliwa. Limemlipa yule mwalimu anayekaa na watoto wanne wanne wasiojua kusoma vizuri. Ukilitaka, nenda kamtoe darasani umpandishe kwenye lori lako."

"Ni mzuri wa sura?"

"Thubutu," mkewe akasema bila kuacha kutafuna, na Lonzell akaketi.

Ndipo akasimama Bi Earline Gaddis. Huyu alikuwa miongoni mwa wale wazee wa kike wanaokaa benchi la mbele kanisani na kofia nyeupe, na alikuwa analea mjukuu wake, Nykeria, wa darasa la nne. Akisimama yeye, uma hutulia kwenye sahani.

"Mwanangu," alisema, "mtihani huu ni wa nani? Unampima mtoto au unaipima shule?"

Lilikuwa swali la haki. Ozella alikuwa na jibu la maneno ya barua, na alijua halitafika popote. Akatafuta mfano, na mfano ulikuwa mbele yake, umekaangwa.

Kwenye biashara ya kambale, bwawa halivuliwi kabla halijaonjwa. Mwenye bwawa hupeleka samaki kiwandani, na huko yupo mwonjaji, mtu wa ulimi mkali, anayempika samaki bila chumvi wala pilipili, akamnusa, akaweka kipande ulimini, akatema. Akisema safi, malori yanakwenda. Akisema tope, yaani maji yamempa samaki ladha mbaya, bwawa zima linangoja maji yasafike, na samaki wanaendelea kula chakula cha kununua. Sisi Waswahili tunasema samaki mmoja akioza wote wameoza. Watu wa Pruitt hawaijui methali hiyo, ila ndiyo inayowalipa mshahara au kuwanyima.

"Mwonjaji akionja tope," Ozella akauliza, "anamgombeza samaki?"

"Hapana!" ukumbi ukajibu, kama wanavyomjibu mchungaji.

"Anataka kujua habari za nani?"

"Za bwawa!"

"Haya. Washington na jimbo hawamwonji mtoto wako wapate kumtukana. Wanaonja bwawa. Wanataka kujua sisi watu wazima tumewawekea watoto maji gani."

"Amina," akasema Bi Earline, akaketi.

Wakaelewa. Ozella aliona nyuso zikifunguka, na usiku ule alirudi nyumbani na furaha ambayo baadaye aliikumbuka kwa uchungu. Mwalimu mkuu alimsifu mbele ya walimu wote. Mfano wa bwawa ulitembea mjini kuliko barua yoyote iliyowahi kutumwa.

Siku ya kwanza ya mtihani, mwezi wa Aprili, mwaka wa shule ukielekea kwisha, Ozella alipita madarasani akaona viti vitupu. Si vingi sana kwa macho ya mgeni. Lakini aliwajua wenye viti. Nykeria Gaddis hayupo. Kijana wa Lonzell hayupo. Mapacha wanaokaa karibu na mashine ya kuchambulia pamba hawapo. Wote ni wale wale wanaokaa wanne wanne na mwalimu wa kusoma.

"Homa," karani wa ofisi akamwambia. "Wazazi wote wamepiga simu kusema homa."

"Homa gani hii inayowajua wasiojua kusoma?"

Hakungoja jibu. Aliendesha gari mpaka kwenye mabwawa, akamkuta Lonzell anajaza chakula cha samaki kwenye lori lake. Lonzell alimwona akatabasamu kama mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Tumeshakufanyia kazi, Dada."

"Mwanao yuko wapi?"

"Kalala. Yule kusoma kwake wewe unakujua. Ningempeleka aichafue shule?"

"Nani aliwaambia mfanye hivi?"

"Hakuna aliyeambiwa! Tulielewa wenyewe. Ulidhani mwenye bwawa anampelekea mwonjaji samaki gani? Yule wa kona yenye majani yaliyooza? Anapeleka wa karibu na mashine ya kuingiza hewa majini, aliyekaa kwenye maji yanayozunguka. Kila mtu hapa anajua. Si uongo, ni kuchagua tu. Akina mama walipigiana simu Jumapili. Hata Bi Earline kamzuia wake, na unajua yule mama anavyoogopa dhambi."

Ozella aliketi kwenye ukingo wa lori, juu ya vumbi la chakula cha samaki. Maneno yalikuwa yake. Aliwapa mfano bila kukumbuka kwamba waliokuwa wakisikiliza ni watu wa mabwawa, na watu wa mabwawa wanaujua mfano ule mpaka mwisho wake, kupita pale yeye alipoishia.

"Lonzell, sikiliza. Washington inataka karibu kila mtoto aonjwe. Wakipungua, viti vitupu vinaingizwa kwenye hesabu. Vinahesabiwa kama walioshindwa."

Lonzell akaacha kujaza.

"Na kuna jingine. Jimbo linaangalia pia mtoto amepanda kiasi gani tangu mwaka jana, na wale wa chini kabisa kupanda kwao kuna uzito zaidi. Mwanao amepanda. Mwalimu wake kaniambia. Bado hasomi sawasawa, lakini amepanda, na leo hayupo kuonyesha."

"Hata mwenye bwawa hafanyiwi hivyo," Lonzell akasema polepole.

"Mwenye bwawa hana mkataba na Washington."

Sheria ilikuwa imeacha siku chache kwa ajili ya waliokosa. Lonzell aliacha lori pale pale akaenda kumwamsha mwanawe, kisha akapita kwa mapacha. Ozella alijitengea nyumba iliyomwogopesha.

Bi Earline hakuwepo. Alikuwa amekwenda kumtazama mgonjwa. Nykeria alikuwa kwenye baraza, amekaa kwenye ngazi, na shati la shule mwilini. Alikuwa amelivaa mwenyewe asubuhi na hakulivua.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Mbona hukuja?"

Msichana aliangalia vidole vyake vya miguu. "Mimi ndiye mwenye ladha ya tope."

"Nani kasema hivyo?"

"Bibi hakusema. Alisema nikae nyumbani niisaidie shule. Ila nilikuwepo kanisani siku ile, nilikusikia." Akainua macho. Hakuwa analia, na Ozella alitamani angelia. "Nikikaa nyumbani kila siku, si itasaidia zaidi?"

Miaka yote ya kiwandani, kisu kilimkata Ozella mara nyingi, na kila mara aliona damu kabla ya kusikia maumivu. Hapa alisikia maumivu kwanza. Alikaa naye kwenye ngazi mpaka Bi Earline alipokuja akitembea katikati ya barabara na mkoba wake mkononi.

"Umekuja kumchukua," Bi Earline akasema.

"Nimekuja kuomba radhi, Mama. Niliwaeleza vibaya."

Akamweleza yote, viti vitupu na kupanda kwa watoto. Bi Earline alisikiliza wima, hakuketi.

"Yaani unataka nimpeleke mjukuu wangu mahali unapojua ataanguka, aanguke kwa faida yenu."

"Huenda akaanguka, ndiyo. Sitakudanganya. Lakini mwaka jana alikuwa anabahatisha majibu. Mwaka huu anasoma. Anasoma taratibu, lakini anasoma."

"Na akiona alama yake ni ya chini, nani atakaa naye jioni ile? Wewe, au Washington?"

Ozella akasema kile ambacho hakutaka kukisema. "Mama, mwulize mwenyewe anadhani kwa nini ulimzuia."

Bi Earline alimgeukia mtoto. Hakuuliza. Aliliona shati. Alilitazama muda mrefu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, na mkoba ukamteleza mkononi.

"Mimi," akasema mwishowe, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine, "nilipokuwa mtoto, shule yetu watu weusi walikuwa wanaifunga pamba ikipasuka. Ya Wazungu inaendelea, yetu inafungwa, sisi tunakwenda shambani kuichuma. Nilikuwa napita na gunia langu mbele ya madirisha yao. Mama yangu hakuniambia kitu, na mimi nikajijibu mwenyewe kwa nini. Nimejijibu hivyo karibu maisha yangu yote." Akaketi kwenye ngazi kwa shida, upande wa pili wa mtoto. "Na sasa nimemfungia wangu kwa mkono wangu. Bila hata pamba."

Kisha Nykeria, kwa sauti ya kujaribu, akauliza, "Bibi, kesho ni hesabu au ni kusoma?"

"Ni kusoma," Ozella akasema.

"Basi Bibi anipeleke," msichana akasema. "Shati ninalo."

Bi Earline alimpeleka mwenyewe, kwa miguu, na kofia yake nyeupe kichwani, ingawa haikuwa Jumapili. Alikaa kwenye kiti cha korido nje ya mlango mpaka mtoto alipotoka, na mwalimu mkuu alipomwomba asubiri ofisini alijibu kwamba pale pale panamfaa.

Matokeo ya shule yalitoka msimu wa pamba, mashamba yakiwa meupe pande zote za barabara. Pruitt ilitoka shimoni kwa daraja moja, si zaidi. Bodi ikaiachia mwaka mmoja, itazamwe tena. Alama ya Nykeria ilikuwa bado chini ya ile inayotakiwa. Alipanda sana, na wale waliopanda kama yeye ndio walioivuta shule. Ozella alimwonyesha Bi Earline jambo hilo mara mbili. Jioni ile alama ilipofika, Bi Earline alikaa na mjukuu wake. Ozella naye alikwenda, akakaa nao, kwa sababu aliwahi kuulizwa.

Katika mkutano uliofuata ukumbi ulijaa tena. Ozella alisimama na mwiko wake, akasita.

"Leo hakuna bwawa?" Lonzell akauliza kutoka nyuma.

"Leo hakuna."

"Afadhali, maana mara ya mwisho tulizama wote."

Hawakucheka sana. Bi Earline akainuka kwenye kiti chake cha mbele.

"Nitasema mimi," alisema. "Tukizika mtu hapa, kila nyumba inaleta chakula mezani. Wengine wanajua kupika, wengine hawajui, na sote tunawajua wasiojua." Watu wakamtazama Lonzell. "Sijawahi kusikia familia ya marehemu ikikumbuka sahani iliyoungua. Wanamkumbuka ambaye hakuleta. Mpeleke mtoto wako. Kama ameungua kidogo, mpeleke hivyo hivyo, kisha uwaulize waliomuunguza."

Ozella aligawa sahani, meza kwa meza, mpaka akafika kwa Nykeria. Msichana alikula sukumawiki yote na mkate wa mahindi. Kambale alimsogeza pembeni kwa uma, taratibu, bila kumgusa kwa mkono. Alikuwa hajala kambale tangu Aprili.

Ozella aliona, na hakumlazimisha. Tangu hapo, kila mkutano, hukaanga na kuku pia.